Detroit: ni mushahara wa watumishi njo uliangusha viwanda?

Siku moja, mu mazungumuzo juu ya mushahara, mukubwa mumoja wa kompani fulani ya hapa kwetu alituambia sisi madelege: "Muchunge sana. Muangalie Detroit. Kule sendika iliomba, ikaomba, ikaomba, mpaka viwanda vikakufa. Nanyi munataka kukufa vile?"

Ku meza yetu hakuna mutu alijibu. Mimi pia nilinyamaza, juu sikujua vizuri mambo ya Detroit. Nilijua paka kama ni muji wa motokari kule Marekani, na kama kule kuko nyumba mingi zenye kubakia bila watu. Tukatoka mu ile sale na ongezeko kidogo sana.

Toka siku ile nilianza kusoma, usiku kisha kazi. Leo ninataka kuwaelezea yale nilipata, wandugu watumishi, na ninyi wamama wenye munapangaka feza ya nyumba. Juu ile neno "Detroit" watalisema tena ku meza ingine, na haifae delege anyamaze sawa vile mimi nilinyamaza.

Dola tano ku siku

Tuanze pa mwanzo. Mu mwaka wa 1908, Henry Ford alianza kuuzisha motokari yake ya Model T. Mu 1913, ku kiwanda cha Highland Park, pembeni ya Detroit, akaleta namna mupya ya kazi: mutumishi anasimama fasi moja, motokari njo inatembea na kufika mbele yake. Anafunga buloni moja, inapita, anafunga ingine. Kazi ilienda mbio, lakini ilichosha watu mpaka mu akili. Walikuwa wanaandikwa leo, kesho wanaacha. Kila mara Ford alikuwa anatafuta wengine na kuwafundisha upya, na ile ilikula feza.

Njo juu ya ile, mu Januari 1914, alitangaza dola tano ku siku, kwa saa nane za kazi. Ilikuwa karibu mara mbili ya malipo ya kawaida. Haikuwa sadaka. Alifanya hesabu, akaona mutu mwenye kubakia ku kazi yuko na faida kupita mutu mwenye kukimbia. Na bei ya motokari yake haikupanda. Iliendelea kushuka mwaka kwa mwaka, juu mashini na mupango wa kazi vilifanya kila mutumishi atoe motokari mingi zaidi. Tushike ile neno ya kwanza: mushahara muzuri na bei ya chini vinaweza kutembea pamoja, kama mwenye kiwanda anatumika na akili.

Lakini Ford hakutaka sendika hata kidogo, na wenzake vilevile. Mwisho wa mwaka wa 1936, watumishi wa General Motors mu muji wa Flint waliingia ku kazi na wakakatala kutoka. Walilala ndani ya viwanda siku 44, mu baridi kali. Wabibi zao walikuwa wanawapikia na kuwaletea chakula. Tarehe 11 Februari 1937 kompani ikakubali kuzungumuza na sendika yao, UAW. Ford mwenyewe alisumbua mpaka mu 1941.

Kisha vita ya pili ya dunia, shefu wa UAW alikuwa Walter Reuther. Reuther alitaka asiransi ya afya ya inchi nzima, kwa kila raia, hata mwenye hatumike ku kiwanda. Ile haikupita ku bunge. Basi sendika ikachukua yenye iliwezekana: mu 1950, General Motors ilisaini mapatano ya miaka mitano, na ndani yake pansio, asiransi ya hospitali, na mushahara wenye kupanda pale bei ya soko inapanda. Watumishi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tuangalie vizuri: uzee wa mutumishi na ugonjwa wa mutoto wake vilifungwa ku kompani moja. Kama kompani iko nguvu, uko salama. Na kama inazaifika? Siku ile swali hii haikuonekana kubwa.

Miaka ya kushiba

Mu mwaka wa 1950, karibu motokari tatu ku kila ine zenye zilitengenezwa mu dunia nzima zilitoka Marekani. Katikati ya miaka ya 1960, General Motors, Ford na Chrysler walikuwa wanauzisha karibu motokari tisa ku kila kumi zenye Wamarekani walinunua. General Motors peke yake ilishika karibu nusu ya soko. Ilikuwa sawa mutu mwenye duka moja mu kartie nzima: hata chumvi yake inakuwa na muchanga, utainunua tu.

Faida ile ilienda wapi? Sehemu ilienda ku mishahara, ni kweli. Sehemu ilienda kwa wenye mali. Na sehemu kubwa ilienda mu sura ya motokari: kila mwaka mabati mapya, mataa mapya, rangi mupya, lakini chini ya mabati, mashini ilibadilika kidogo tu. Motokari zilikuwa kubwa, nzito, na zilikunywa esansi sana. Hakuna mutu aliangalia ile, juu esansi ilikuwa bei chini.

Wakati uleule, kule Japani, Toyota ilikuwa kompani kidogo yenye haina feza ya kupoteza. Wakajifunza kufanya kazi bila kutupa kitu. Kwao, mutumishi mwenye kuona kosa anavuta kamba, na mustari wote wa kazi unasimama mpaka kosa itengenezwe palepale. Ku Detroit, kusimamisha mustari ilikuwa sawa zambi. Kapita alitaka hesabu ya motokari zenye kutoka, makosa watarekebisha ku mwisho, ao mununuzi atayaona mwenyewe ku barabara.

Kisha ikafika mwaka wa 1973. Inchi za Waarabu zikafunga mafuta kwa Marekani, na mu miezi michache bei ya petroli mu dunia ikapanda karibu mara ine. Mu 1979 ikapanda tena, kisha mageuzi ya Irani. Mu stasio za esansi, watu walipanga mustari. Mununuzi akaanza kutafuta motokari kidogo, yenye kukunywa kidogo na yenye haiharibike ovyo. Toyota, Honda na Datsun walikuwa nayo tayari. Detroit ikakimbilia kutengeneza zake, lakini kwa haraka na bila roho. Chevrolet Vega ilikuliwa na kutu mbio sana. Ford Pinto ilikuwa na tanki ya esansi yenye iliweza kushika moto pale inagongwa kwa nyuma, na mu 1978 kompani ikalazimika kuziita zirudi zitengenezwe. Na Chrysler ilikuwa karibu kufilisika. Serikali ilijitoa mudamini kwa deni ya dola miliare 1 na nusu.

Tujiulize: mushahara wa mutumishi njo ulichora ile tanki? Mutumishi njo alichagua kujenga motokari kubwa mu wakati wa esansi ghali? Ile ilikatwa mu mabiro ya juu, na mu mabiro ya juu sendika haina kiti.

Watu walewale, kiwanda kilekile

Sasa ninafika ku mambo yenye ilinishangaza kupita yote. Mu muji wa Fremont, ku California, General Motors ilikuwa na kiwanda chenye sifa mubaya sana: watu wanakosa kazi, wanagombana na wakapita, motokari zinatoka na makosa. Mu 1982 wakakifunga. Wakubwa wakasema ni watumishi wabaya, na sendika mubaya.

Mu 1984 kikafunguliwa tena, lakini sasa General Motors pamoja na Toyota, na Toyota njo ilishika mupango wa kazi. Waliandika nani? Wengi walikuwa watumishi walewale wa zamani, na sendika ileile ya UAW. Mamia walitumwa kwanza Japani wajifunze. Kisha wakatumika kwa vikundi, kila mutu na ruhusa ya kuvuta kamba. Mu muda mufupi, motokari zao zikawa kati ya zile zenye makosa kidogo sana mu Marekani.

Watu hawakubadilika, sendika haikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuongoza. Mutu akikuambia tena "sendika iliua Detroit", umuulize kwanza juu ya Fremont.

Deni ya wazee

Haiko kusema kama feza ya watumishi haikuwa muzigo hata kidogo. Ilikuwa muzigo, lakini tujue muzigo gani.

Mu Desemba 1963, kompani ya Studebaker ilifunga kiwanda chake mu muji wa South Bend. Iliahidi pansio, lakini mu mufuko wa pansio feza haikutosha. Wazee wenye walifikisha miaka 60 walilipwa yote. Watumishi zaidi ya 4,000, wenye kazi ya miaka kumi na zaidi lakini wenye hawajafika umuri ule, walipata karibu asilimia 15 ya ile walikuwa nayo haki. Wengine, wenye kazi ya miaka michache, hawakupata hata kidogo. Sendika ilipigana kisha pale, na mu 1974 Marekani ikatoa sheria yenye kulazimisha kompani kuweka feza ya pansio pembeni, na mufuko wa serikali wa kusaidia pale kompani inakufa.

Lakini sheria ile haikugusa vizuri hospitali ya wazee. Miaka ikapita, mashini zikachukua fasi ya watu, viwanda vikafungwa, vingine vikaenda Meksiko, zaidi sana kisha mapatano ya biashara ya 1994. Wapansione wakawa wengi kupita watumishi wenye wangali ku kazi. Mu miaka ya 2000, hesabu yenye ilitajwa sana ni kama kila motokari ya General Motors ilibeba karibu dola 1,500 za asiransi ya afya. Ku Japani na ku Ujerumani, mambo ya hospitali iko mu mupango wa inchi nzima. Na viwanda vya Wajapani vyenye vilijengwa ndani ya Marekani, ku Ohio, Tennessee na Kentucky, vilikuwa na watumishi vijana, wapansione karibu hakuna, na sendika hakuna.

Mu 2008 magazeti ya Marekani yaliandika kama mutumishi wa Detroit analipwa dola 70 ku saa. Ilikuwa hesabu ya udanganyifu. Mushahara wenyewe ulikuwa karibu dola 28. Ile ingine walipata kwa kuchukua pansio na hospitali ya wazee wote, wakaigawanya juu ya kichwa cha wale wachache wenye wangali ku kazi. Tena, kazi yote ya kutengeneza motokari ilikuwa karibu sehemu moja ku kumi ya bei yake. Hata ungewalipa nusu, motokari yenye watu hawataki ingebaki motokari yenye watu hawataki.

Sisi watu wa sendika pia tuseme ukweli juu ya ndugu zetu. UAW ilisaini mupango wenye mutu anakaa bila kazi na kompani inaendelea kumulipa karibu mushahara wote, miaka na miaka. Ile haikuweza kudumu. Ilishindwa kuingia mu viwanda vya Wajapani. Na mu 2007 ilikubali kitu kibaya zaidi: mutumishi mupya alipwe karibu dola 14 ku saa, pembeni ya muzee mwenye dola 28, kazi moja, mashini moja. Toka siku ile, ndugu wawili ku mustari mumoja hawakuangaliana tena vizuri.

Piki-apu na ndege

Kuko ushuru wa asilimia 25 ambao Marekani iliweka toka 1964 juu ya piki-apu zenye kutoka inje. Ulianza na ugomvi juu ya biashara ya kuku na inchi za Ulaya, lakini haukutoka tena. Nyuma ya ukuta ule, Detroit ilipata faida kubwa ku piki-apu na ku motokari kubwa, ikaacha zile kidogo kwa Wajapani. Mu 2007 wale watatu, kwa mara ya kwanza, waliuzisha mu mwezi mumoja chini ya nusu ya motokari za inchi yao.

Mu 2008 esansi ikapanda tena, piki-apu zikabakia mu parke, na banki zikaanguka. Wamarekani wengi wananunuaka motokari kwa deni. Banki ikifunga, soko inafunga. Mu Novemba, wakubwa wa zile kompani tatu walienda Washington kuomba feza ya serikali, kila mumoja mu ndege ya kompani yake. Inchi nzima iliwacheka na kuwakasirikia.

Chrysler ilitangaza kufilisika tarehe 30 Aprili 2009, General Motors tarehe 1 Juni. Serikali iliweka karibu dola miliare 80 mu kuokoa kazi ile ya motokari. Sehemu kubwa ilirudi, kama miliare kumi ao karibu nazo hazikurudi. Kompani ziliokoka. Viwanda vingi vilifungwa.

Na muji? Detroit ilikuwa na watu zaidi ya 1,800,000 mu 1950. Mu 2020 walibakia karibu 640,000. Viwanda vilihama, Wazungu wengi walihamia pembeni ya muji, kodi ikahama nao, na Weusi wengi wakabaki na muji wenye hauna feza. Mu Julai 2013 muji wenyewe ulitangaza kufilisika, na deni ya karibu dola miliare 18. Wapansione wa muji, watu wenye walifagia barabara na kuandika mikanda mu mabiro, walikatwa sehemu ya pansio yao.

Ku Flint, muji wa ile greve ya siku 44, mu 2014 msimamizi aliyewekwa na jimbo alitaka kupunguza gharama, wakaanza kuchukua maji ya muto wa Flint. Mu Oktoba, kiwanda cha General Motors kikaacha maji yale juu yalikuwa yanakula vyuma vya mashini. Watu wakaendelea kuyakunywa mwaka muzima. Risasi ya mabomba ya zamani iliingia mu damu ya watoto. Vyuma vilipata maji mazuri mbele ya watoto wa wale wenye walivitengeneza. Wamama wenye munaishi karibu na mashimo na viwanda, ninyi munanielewa bila nimalize.

Na sisi?

Sitaki kusema kama Kolwezi ni Detroit. Sisi tunatoa jiwe, wao walitengeneza mashini. Lakini tuko mu mustari mumoja. Kile kiwanda cha Fremont kilifungwa mu 2010, Tesla ikakinunua, na leo kinatoa motokari za umeme. Batri mingi za motokari za umeme zinatumika na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wetu. Na wale wenye kutengeneza batri wanajifunza kutumika bila kobalti. Batri za namna ile ziko ku barabara tayari. Mwenye kula ku kitu kimoja tu, Detroit na piki-apu zake ao siye na jiwe letu, anakula kwa mashaka.

Baba yangu alitumika miaka 27 mu kompani moja kubwa ya hapa. Tulikuwa na poso, hospitali, masomo, nyumba, vyote kwa kompani. Pale kompani iliyumba, vyote viliyumba siku moja. Nilikuwa kijana, nilizani ni bahati mubaya yetu peke yetu. Kumbe ku South Bend waliiona mbele yetu.

Kwa hiyo, ku mazungumuzo yenye kuja, ninaomba madelege wabebe maswali tatu. Ya kwanza: mu miaka bei ya shaba iko juu ku London, faida inaenda wapi? Kiasi gani inaingia mu mashini, mu usalama wa shimo, mu kufundisha vijana? Ya pili: makato ya pansio yenye kuonekana ku karatasi ya mushahara, yanafika kweli kule yanapaswa kufika, kila mwezi? Tuombe kuonyeshwa karatasi, si maneno. Ya tatu: kwa nini mutu wa sutretansi analipwa kidogo, na pembeni yake mutu mwenye kuandikwa na kompani anafanya kazi ileile? Ku Marekani, UAW ilipigana juu ya ile mu greve ya 2023, kwa kompani zote tatu wakati mumoja, na kwa sehemu kubwa ilirekebisha yale yenye ilikosa mu 2007. Iliwachukua miaka 16. Sisi tusingoje vile.

Na ninyi wa ku nyumba, muulize bwana ao mutoto mwenye kutumika: namba yako ya pansio iko wapi? Wengi hawana jibu. Waende kuitafuta wiki hii, wangali na nguvu ya kutembea mu mabiro.

Na yule mukubwa akituambia tena "Muangalie Detroit", safari hii tutamujibu: ndiyo, shefu, tuliangalia. Tufungue vitabu vya hesabu, tuangalie pamoja.